Jicho la kabwela litakisiwa hadi lini?

NDUGU MSOMAJI, leo tuache kidogo habari za nani kahama chama na nani kapewa ulaji. Tuzungumze habari ya jicho. Jicho lako wewe, kijana wa mjini, unayeamka alfajiri kuwahi kibarua.

Tuseme wewe ni saidia fundi. Uko kwenye jengo la tajiri mmoja, ghorofa ya tatu, unakoroga chokaa. Miwani ya kazi huna, maana kontrakta kasema anayetaka miwani akanunue mwenyewe. Mwenzako anamwaga mfuko, ndoo inaruka, tone linakuingia jichoni. Unapiga yowe. Wanakufuta kwa shati. Mmoja anasema lete maziwa, mwingine anasema lete asali. Maji yaliyopo ni ya kukorogea zege na msimamizi hataki yachezewe. Baada ya nusu saa unapakiwa kwenye bodaboda, unapelekwa zahanati.

Pale zahanati mhudumu anakumulika kwa tochi. Anakwambia: "Kijana, una bahati. Jicho lenyewe wala si jekundu, ni jeupe tu. Kanunue dawa ya matone, utapona."

Unarudi nyumbani ukimshukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye jicho limeingia ukungu kama dirisha la daladala siku ya mvua. Unaziba lile zima, unatazama kwa lile lililoungua, unaona mwanga tu. Kibarua kimekwisha. Kontrakta anasema hakujui.

Nauliza: nani kakupofua? Ni chokaa? Nasema hapana. Chokaa ilianza kazi, lakini iliyomaliza ni nchi inayopima jicho la kabwela kwa kukisia.

WEUPE UNAODANGANYA

Sikiliza vizuri hapa, maana hili wengi hawakuwahi kuambiwa. Jicho lililoingiwa na kemikali likiwa jekundu, maana yake damu bado inapita. Mishipa ipo hai, imevimba, inapigana. Jicho la kuogopa ni lile lililogeuka jeupe pee kama karatasi pembezoni mwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Weupe ule si afya. Ni mishipa iliyoungua, damu imekatika.

Kwa nini pembezoni? Kwa sababu ukingo ule unaoizunguka konea ndio kiwanda chake. Hapo ndipo zinapokaa seli mama zinazozaa ngozi mpya ya konea kila siku ya maisha yako. Kiwanda kinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Mishipa ikifa, kiwanda hufungwa. Kiwanda kikifungwa, konea haipati ngozi mpya, na mishipa na ngozi ya weupe wa jicho huvamia na kufunika kioo chote. Ndiyo ule ukungu. Na hapo hata ukipandikizwa konea ya marehemu, peke yake haidumu, maana kiwanda cha kuitunza hakipo.

Basi swali la kwanza la daktari mbele ya jicho lililoungua linapaswa kuwa hili: ukingo umekufa kiasi gani? Mwaka 1965 daktari wa Kiingereza aitwaye Roper-Hall alitoa madaraja 4 ambayo hospitali nyingi duniani zinayafuata hadi leo. Ukingo usiokatika damu hata kidogo, daraja la kwanza, utapona. Chini ya theluthi moja, daraja la pili, matumaini ni mazuri. Kati ya theluthi na nusu, daraja la tatu, una kazi. Zaidi ya nusu, daraja la nne, upofu unapiga hodi. Mwaka 2001 Profesa Harminder Dua na wenzake wakaongeza ufundi: ichukulie konea kama uso wa saa ya ukutani yenye namba 12, kisha hesabu kuanzia namba gani hadi namba gani ukingo umeungua.

Unaona? Ni hesabu. Na hesabu hiyo ndiyo inayoamua utibiwe vipi. Kuna dawa za kutuliza uvimbe ambazo siku za mwanzo zinaokoa, lakini zikiendelea kutumiwa ovyo bila uangalizi zinaweza kuchangia konea kuyeyuka. Kuna jicho linalohitaji kufunikwa mapema kwa utando wa kondo la nyuma la mzazi, na kuna lisilohitaji. Usipojua daraja, unapiga ramli.

MASHINE YENYE UMRI WA MAGEUZI

Sasa, madaktari bingwa huhesabu kwa ile mashine ya mezani unayowekea kidevu, daktari akakumulika kwa mwanga mwembamba. Mashine ile ni nzuri na itaendelea kuhitajika. Lakini bado ni macho ya mtu yanayoamua. Jicho limevimba, machozi yanatiririka, konea yenyewe imechafuka. Daktari huyu anasema saa 4 zimeungua, yule anasema saa 6. Mmoja kati yao kakosea, na gharama ya kukosea hailipi yeye, unalipa wewe.

Zamani njia ya kuhakikisha kama damu inapita ilikuwa kukuchoma sindano ya rangi kwenye mshipa wa mkono, kisha kupiga picha ikifika jichoni. Leo kuna njia isiyo na sindano, isiyo na rangi, isiyogusa hata kope. Inaitwa kwa kifupi OCT. Mwaka 1991, wakati Tume ya Jaji Nyalali ikizunguka nchi hii kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi, watafiti wa Marekani akina David Huang na James Fujimoto wa chuo cha MIT walichapisha picha za kwanza za teknolojia hiyo. Mwaka 1994 ikapiga picha za sehemu ya mbele ya jicho. Yaani umri wake ni umri wa mageuzi yetu.

Inafanyaje kazi? Inatuma mwanga usiouona, kisha inasoma jinsi unavyorudi kutoka kila tabaka la jicho, kama vile ultrasaundi inavyosoma sauti tumboni mwa mama mjamzito. Konea unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini mashine inaichana kwa picha tabaka kwa tabaka, ikaonyesha moto umeingia kina gani.

Kisha likaja toleo linaloona damu. Mashine inapiga picha pale pale mara kadhaa kwa haraka sana. Kilichobadilika kati ya picha moja na nyingine ni chembe za damu zinazopita. Pasipobadilika kitu, damu haipiti. Kompyuta inachora ramani ya mishipa hai, na panapokosa mishipa panabaki giza. Upigaji wenyewe ni sekunde chache. Mgonjwa anatakiwa atulie na afumbue jicho, basi.

Nisikufiche: mashine hii haiponyi. Jicho likitikisika, picha huharibika. Kope zikivimba sana, kazi inakuwa ngumu. Wala haijachukua nafasi ya daktari, na wataalamu bado wanaendelea kukubaliana vipimo vyake. Lakini inampa daktari namba badala ya hisia. Na leo, kesho na wiki ijayo inaweza kurudia pale pale ikaonyesha kama damu inarudi au inazidi kukata.

WENYE MAJINA WANAPANDA NDEGE

Watu wa gazeti wanalijua jambo hili kwa uchungu. Januari 5, 2008 wahuni walivamia ofisi za gazeti la MwanaHALISI, Dar es Salaam, wakammwagia kemikali usoni Saed Kubenea na kumjeruhi kwa panga mwandishi mkongwe Ndimara Tegambwage. Kubenea ilibidi apelekwe India kutibiwa macho. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha Zanzibar walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe, wakasafirishwa kurudi kwao kutibiwa.

Hatusemi hawakustahili. Walistahili, na waliowafanyia unyama ule wanastahili jela. Tunachouliza ni hiki: wewe fundi betri wa gereji, ukirukiwa na maji ya betri, utapanda ndege ya nani? Wewe mtengeneza sabuni ya mtaani unayekoroga kostiki soda kwenye ndoo ya plastiki, nani atakuchangishia? Wewe kijana wa saluni uliyerukiwa na dawa ya kunyoosha nywele, ofisi gani itatoa tamko?

Na hiyo India tunayoikimbilia, ilipata uhuru mwaka 1947, ikiwa na walalahoi wengi kuliko sisi. Hawakukaa kusubiri wafadhili wawaonee huruma. Mwaka 1976 mzee mmoja mstaafu, Dk. G. Venkataswamy, alianzisha hospitali ya macho mjini Madurai ikiwa na vitanda 11, leo Aravind inajulikana dunia nzima. Mwaka 2012 madaktari wa taasisi ya L V Prasad, Hyderabad, wakiongozwa na Virender Sangwan, walichapisha njia rahisi ya kuchukua kipande kidogo cha ukingo kutoka jicho zima, kukikatakata, na kukipanda kwenye jicho lililoungua, bila kuhitaji maabara ya gharama ya kukuzia seli. Wao wanapanda kiwanda kipya. Sisi tunapanda ndege. Na kwa kabwela hata ndege hakuna.

KISICHOPIMWA HAKILIPWI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kijana mwenzangu, usipitwe.

Kipimo si cha dawa peke yake. Kipimo ni USHAHIDI. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake na ampe vifaa vya kujikinga. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kutokana na sheria ya mwaka 2008. Karatasi zinapendeza. Lakini fidia hutolewa kwa kiwango cha ulemavu kilichopimwa na daktari. Sasa wewe uliyeandikiwa "jicho limeumia" kwenye daftari la shilingi chache, utadai nini? Kontrakta atakuja na wakili wake, atasema ulikuwa na macho mabaya tangu kwenu. Atasema ulipigana kilabuni. Atasema hakuwahi kukuandikisha.

Picha ya mashine ina tarehe na saa. Inaonyesha ukingo umeungua kuanzia namba gani hadi namba gani, na moto umeingia kina gani. Mwanasheria hawezi kubishana na ramani ya mishipa kama anavyobishana na mwandiko wa nesi aliyechoka. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyemwagiwa tindikali na mbaya wake, akahangaika na PF3 kituoni. Ndivyo ilivyo kwa kijana aliyelipukiwa karibu na uso na bomu la machozi kwenye mkutano. Wengi moshi ule huwatoa machozi ukapita, lakini unga wake ukiganda jichoni au bomu likilipuka karibu, konea inaweza kuumia kweli. Nani atalipima jeraha hilo? Na lisipopimwa, nani atajibu?

Ndiyo maana nasema jicho lisilopimwa limenyimwa mara mbili. Limenyimwa tiba, likanyimwa haki.

WATASEMA TUNAOTA

Najua majibu yao. Watasema: "Huko vijijini dawa za malaria hazitoshi, ninyi mnadai mashine za picha za macho!" Hoja hiyo ina sura ya huruma, ila ina mkia mrefu. Ilikuwa wapi wakati wa kununua mashangingi? Ilikuwa wapi wakati wa semina, posho na makongamano? Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Waziri asimame Bungeni atuambie ni mwaka gani tulifika hapo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na wenzake walizindua kampeni ya haki ya kuona, kwamba ifikapo 2020 upofu unaozuilika uwe umetokomezwa. Mwaka 2020 umekuja, umepita. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na anayetibiwa macho ng'ambo hamjui anayemulikwa kwa tochi.

Lakini nawakubalia jambo moja, maana ukweli hauna chama. Mashine bila maji ni anasa. Chokaa, saruji, kostiki soda na amonia ni za jamii moja: zinayeyusha mafuta ya kuta za seli na kuyageuza sabuni, kisha zinapenya ndani zaidi ndani ya dakika chache. Tindikali ya betri hugandisha nyama ya juu kama yai kwenye kikaango, na mara nyingi ugumu ule huizuia kidogo isizame, ingawa ikiwa kali hupofua vilevile. Zote dawa yake ya kwanza ni moja: MAJI, palepale, mengi. Usiposhinda dakika zile za kwanza, hakuna mashine itakayokurudishia jicho. Mashine itakuja kupiga picha ya msiba.

Kwa hiyo madai yetu yana ngazi tatu, na yasome kwa mpangilio huo.

Kwanza, kila jengo, gereji, kiwanda na saluni inayotumia kemikali iwe na maji safi ya kuoshea macho yasiyoguswa kwa kazi nyingine, na miwani ya kujikinga kwa kila mfanyakazi, awe wa kudumu au wa siku moja. Wakaguzi wa OSHA washuke kwenye majengo yenyewe. Wasiishie ofisini kwa meneja kunywa soda.

Pili, kila zahanati iwe na karatasi ya kupimia ukali wa kemikali, ile inayobadilika rangi. Ni kitu cha bei ya chini. Mhudumu aoshe jicho, apime, aoshe tena mpaka karatasi iseme ukali umekwisha. Afundishwe kugeuza kope na kutoa punje za chokaa zilizojificha, maana punje moja iliyobaki inaendelea kuunguza. Na afundishwe kwamba weupe ni hatari. Huyu mhudumu simlaumu. Kapewa tochi, kaambiwa aokoe macho.

Tatu, kila hospitali ya rufaa ya kanda iwe na mashine ya picha za sehemu ya mbele ya jicho inayoona mishipa, pamoja na mtu aliyesomeshwa kuiendesha, pamoja na fundi wa kuitengeneza isije ikafunikwa shuka jeupe ikisubiri kipuri. Picha zitumwe kwa bingwa popote alipo azisome siku hiyohiyo. Na nakala apewe mgonjwa mkononi, kwa sababu jicho ni lake. Waziri atutajie hadharani: mashine hizo ziko ngapi katika hospitali za umma, ziko mikoa ipi, na ngapi zinafanya kazi leo? Hilo swali halihitaji tume.

NA WEWE UFANYE NINI?

Usisubiri serikali kwa kila kitu, kijana. Kesho asubuhi kabla hujashika koleo, uliza: maji ya macho yako wapi? Kama hayapo, ninyi vibarua 10 changeni ndoo moja yenye kifuniko, iandikeni MACHO, na asiyekorogea zege maji yale ndiye rafiki yenu.

Tone likiingia, usifute wala usisugue. Usitie maziwa, asali wala mkojo. Usijaribu kuua tindikali kwa magadi. Mlaze mwenzako ubavu, jicho lililoumia liwe chini, mfumbueni kope kwa nguvu, mwagieni maji kuanzia upande wa pua kwenda nje yasije yakaingia jicho zima. Fanyeni hivyo nusu saa nzima hata akipiga kelele. Ndipo mwende hospitali, na njiani endeleeni kumwagia. Chukueni jina la kemikali, au mfuko wenyewe.

Ukifika, usikubali kuambiwa "utapona" kwa tochi. Uliza kwa adabu lakini uliza: "Dokta, ukingo umeungua kiasi gani? Daraja la ngapi? Naomba uniandikie." Kama hapo hawawezi kupima, omba rufaa siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa konea haujengwi kwa saruji. Tunza kila karatasi, kila tarehe, na majina ya mashahidi waliokuwepo.

Wakubwa wanapenda kutuambia kwamba vijana ni nguvu kazi ya taifa. Sawa. Nguvu kazi ina macho mawili. Kontrakta akipoteza mfuko wa saruji, anaandika. Akipoteza lita ya dizeli, anaandika. Ukipoteza jicho wewe, haandiki mtu.

Tunataka liandikwe. Na ili liandikwe, lipimwe kwanza.